Siku Tisa za Nyumba ya Simu

Mtaani mwanamke huyo aliitwa Usicheke. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa na kibanda cha picha za pasipoti kando ya ofisi ya vitambulisho, na maneno yake tangu asubuhi hadi jioni yalikuwa yale yale: kaa wima, tazama hapa, usicheke. Hakuwahi kupiga picha za harusi wala za mandhari. Alichojua ni kitambaa cheupe, kigoda kimoja, na nyuso za watu.

Aliishi na dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Kabla magoti hayajamgomea, dada huyo alikuwa opereta wa simu kwa miaka kumi na tisa, enzi zile ambazo ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine, lazima kwanza msichana akuunganishe kwa waya. Yeye na wenzake waliifanyia kazi hiyo kwenye kijumba cha vyumba viwili nyuma ya posta. Watu walikiita nyumba ya simu. Mitambo mipya ilipokuja kikafungwa, kikaachiwa popo.

Jumatatu moja Usicheke alipita pale akakuta ukutani pameandikwa BOMOA kwa rangi nyekundu, na tarehe chini yake. Zilibaki siku tisa.

Jioni, wakiwa mezani, alimpa dada yake habari hiyo.

"Wabomoe tu," dada alisema. "Kijumba chenyewe kinatia aibu." Kisha akashusha kijiko. "Hivi kiti changu kilikuwa upande gani wa dirisha? Kushoto au kulia? Jamani! Miaka kumi na tisa nimekaa pale!"

Picha haikuwepo hata moja ya kumkumbusha. Wakati ule ukiingia mle na kamera, kazi huna. Usicheke aliendelea kula, lakini alikuwa ameshakata shauri kukipiga picha.

Kesho yake alikwenda kwa karani wa majengo.

"Mama, kuna nini cha kupiga pale? Popo?"

"Wakikaa wima, hata wao nitawapiga."

Karani hakucheka. Alitaka barua. Usicheke akaandika barua pale pale kaunta, akaambiwa arudi wiki ijayo. Jumatano asubuhi alirudi na chupa ya chai, akakaa kwenye benchi la mlangoni, akamwambia mlinzi kwamba yeye hana haraka. Karani alimpita mara nne, simu sikioni. Mara ya tano alisimama.

"Chukua," alisema, akimpa ufunguo na karatasi yenye muhuri. "Chukua, nipumzike."

Ufunguo haukugeuka. Kufuli lilikuwa limeliwa na kutu hadi ndani. Alilimiminia mafuta ya cherehani, akaliacha, akarudi Alhamisi. Likafunguka.

Ndani harufu ya popo ilimpiga puani. Ubao wa kuunganishia simu ulikuwa bado umesimama, mrefu kuliko yeye, umejaa matundu madogo yenye namba, na nyaya chache zikining'inia. Alipiga picha thelathini kwa taa ya kamera, kama alivyozoea. Alipozitazama kibandani, alisonya. Ubao ulitoka bapa, kuta zimepauka. Kila kitu kilikuwa kama kinaomba pasipoti.

Ilibidi atumie mwanga wa dirisha, na dirisha lilikuwa limepigiliwa mbao. Ijumaa alifunga kibanda mapema, akaenda na nyundo. Ubao wa tatu ulipong'oka, nyigu wakatoka. Mmoja alimuuma kwenye kope la jicho la kulia, jicho lake la kazi. Jumamosi jicho lilikuwa limevimba likafumba kabisa.

"Pumzika, mdogo wangu," dada alimsihi. "Utapofuka kwa ajili ya nyumba ya popo."

"Nina la kushoto."

Na kwa jicho la kushoto akaenda. Saa mbili asubuhi jua lilipenya dirishani na kumulika ukuta uliokuwa kando ya ubao wa simu. Hapo ndipo alipoona, pale rangi ilipobanduka, maandishi ya penseli. *31, sema taratibu, hasikii vizuri. 12 asiunganishwe na 40, wamenuniana.* Yalikuwa mengi, ya mikono tofauti. Andiko moja alilitambua mara moja kwa mwandiko wa dada yake: *58, pumua kwanza.*

Mwanga ule ulidumu nusu saa tu. Alirudi Jumapili, akarudi Jumatatu, akapiga andiko moja moja, hadi akayamaliza.

Jumanne jioni alizipanga picha mezani. Dada alivaa miwani.

"Kushoto," Usicheke alisema. "Sakafu imelika pale kiti kilipokuwa."

Dada aliitikia kwa kichwa. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye 58. "Hii ilikuwa hospitali. Ukiwaunganisha, mara nyingi unayemwita atalia. Kwa hiyo unapumua kwanza, sauti isitetemeke." Aliupitisha mkono juu ya picha zote. "Na chumba cha pili?"

"Kitupu, dada. Sikukipiga."

"Si kitupu. Nyuma ya mlango kuna msumari. Tulikuwa wasichana saba, na mkaguzi alitaka viatu vyeusi. Tulikuwa na jozi moja. Ilitundikwa pale. Akigonga mlango, aliyekaa karibu anavaa, wengine tunaficha miguu chini ya meza."

Jumatano asubuhi, Usicheke alipofika, mabati yalikuwa yameshashushwa nusu. Msimamizi wa wabomoaji alimzuia kwa mkono.

"Mama, hapa pana hatari."

"Dakika kumi." Alimwonyesha karatasi yenye muhuri. "Ruhusa yangu inaishia leo, na leo haijaisha."

Msimamizi aliisoma mara mbili, akapiga mluzi, wenzake wakashuka. Alimvalisha kofia yake ngumu, wakaingia pamoja. Nyuma ya mlango msumari ulikuwepo, na chini yake, ukutani, doa la rangi ya viatu.

"Msumari?" msimamizi alisema. "Umetusimamisha kwa ajili ya msumari?"

"Ndiyo. Na sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Alisogea. Hata mlango aliushika usijifunge.

Kabla ya adhuhuri nyumba ya simu ilikuwa chini. Usicheke hakubaki kuitazama. Alikwenda kibandani, akasafisha picha ile kwa ukubwa wa daftari, akaipeleka nyumbani ingali mbichi. Dada aliishika kwa kingo, akaicheka hadi akafuta machozi. Kisha akaomba simu, akampigia mwenzake wa zamani wa nyumba ya simu, aliyewazidi wote kwa ukubwa wa miguu.

"Wewe!" alisema, hata salamu hakutoa. "Nimeuona msumari. Sasa kiri mbele ya mdogo wangu, ni nani aliyevipanua vile viatu?"