Ulimi Mbele ya Bibi Nantamba

Makaa ya moto ukiyanyunyizia maji hutoa sauti nyembamba, ya pole, kama mtu anayemnyamazisha mtoto mchanga. Juzi niliisikia sauti hiyo sebuleni kwa binti yangu, huku Tegeta, na jiko halikuwa limewashwa. Alikuwa mjukuu wangu Doreen, ameinamia simu, ulimi kati ya meno, anarudia maneno ya Kiingereza anayoambiwa: think, three, mother. Maharage niliyokuwa nachambua yakanitoka akilini. Nikajikuta Keko, mtoto wa darasa la tatu, nanuka vumbi la mpingo.

Baba alikuwa mchongaji, na sie tulikuwa Wamakonde wa Newala, wageni katikati ya wenyeji wa Pwani. Watoto wa wenyeji walikwenda chuoni kwa maalim, wakazijua herufi za thaa na dhaa kabla hawajaota magego. Kwetu thelathini ilikuwa selasini, na ugali uliiva vilevile. Shida ilianza lilipoletwa somo la Kiingereza.

Mwalimu Hezroni, mtu wa Bara, alipita dawati kwa dawati na chaki yake. Selemani Kondo akasema mother, vizuri. Pili Mtoro, vizuri. Mwanahawa Shomari akalisema kama aliyezaliwa nalo. Mie nikasema maza.

"Dezideria, toa ulimi."

Nikafumba mdomo.

"Utoe, mama. Kunguru hawataunyakua."

Darasa zima likacheka. Nilikuwa simwelewi mwalimu mtu mzima anayetaka nimtolee ulimi, maana kwetu hilo lilikuwa tusi kushinda tusi la kutamkwa. Siku ile nilirudi nyumbani na maza yangu.

Mwanahawa alinionea huruma. Alasiri alinifuata nyuma ya kibanda cha baba, tukakaa juu ya maganda ya mpingo, akanishika kidevu. "Shoga, fanya kama unalamba ubuyu. Kidogo tu. Si kama mbuzi aliyechinjwa."

Siku ya tatu neno likatoka. Lilitoka lenyewe, pumzi ikipita juu ya ulimi kama upepo unaopita chini ya mlango, na mie nikaona raha ambayo hata leo siwezi kuieleza. Nikaanza kuizunguka nyumba nikilisema. Mother, father, brother. Jua lilikuwa limelala juu ya mabati, kuku wananipisha, nami natembea kama mtu aliye usingizini. Nikakata kona, nikasimama uso kwa uso na Bibi Nantamba, mama yake baba, ulimi wangu uko nje.

Bibi alikuwa na ndonya, kile kipande cha mti cha mviringo walichovaa wanawake wetu wa zamani kwenye mdomo wa juu. Alitobolewa angali msichana, na alikuwaga akinisimulia jinsi vijana wa Newala walivyogeuza shingo akipita. Nililala naye kitanda kimoja. Kwangu mdomo ule ulikuwa mdomo wa bibi, basi.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alivuta khanga akafunika mdomo, akaingia ndani.

Jioni hakula. Kesho yake hakunisuka nywele, na khanga haikutoka mdomoni, yeye ambaye akiwa nyumbani hakujifunika hata siku moja. Siku iliyofuata nikamsikia akimwambia baba, "Mwanangu, nitafutie meli ya Mtwara. Nataka nikafie kwetu." Baba akatuuliza sote nani kamuudhi mama yake. Nikaangalia chini. Akaenda bandarini, akarudi na jibu kwamba meli ipo Jumamosi, na furushi la bibi likakaa mlangoni, limefungwa.

Ijumaa nikachukua kitabu, nikakaa miguuni pake.

"Bibi, sikukutukana. Lilikuwa somo."

"Somo la kunitolea ulimi?"

"Hapa pameandikwa mama. Hapa baba. Hapa kaka. Kwa Kiingereza hayatoki bila ulimi."

Akautazama ukurasa, ambao kwake ulikuwa nyayo za kuku. "Wazungu hawa. Mtu mama yake mzazi, mpaka amtolee ulimi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na bibi yake je?"

"Na bibi yake pia."

Nilisikia tezo ya baba ikigonga kule kibandani.

"Haya, niite. Nikuone mdomo."

Nikamwita, grandmother, ulimi unatetemeka. Akanikagua kama baba akaguavyo gogo kabla ya kulichonga. "Tena." Nikamwita tena. Mara ya nne khanga ikaanza kutikisika, nikadhani analia. Ikamporomoka mabegani, kumbe anacheka, ndonya inacheza. "Na huyo mwalimu wako," akasema, "mama yake anajua?"

Kabla ya jua kuzama alikuwa amefungua furushi lake mwenyewe. Meli ya Jumamosi iliondoka bila yeye.

Shule yangu iliishia darasa la nne, na Kiingereza chenyewe kimenitoka. Ila kwa miaka mingi niliamini kwamba bibi alichukia utovu wa adabu tu. Nilikuwa nimeshamzaa Batholomeo, mwanangu wa kwanza, siku mama aliponiambia, huku akimwogesha mtoto, kwamba tangu bibi aingie mjini watoto wa mtaa walikuwa wakimngoja bombani kila asubuhi. Wanautokeza ulimi juu ya mdomo, wanaigiza ndonya. Baba hakuambiwa, angepigana na mtaa mzima. Bibi alipokwisha kuchota maji yake alirudi kwetu, anafungua khanga, anapumua.

Na mie asubuhi zile nilikuwa nakwenda naye. Nilibaki nyuma na kopo langu nikichezacheza njiani, nikifika bombani nakuta watoto wanacheka. Sikujua wanacheka nini. Nilikuwa nacheka nao.