Mfunga kamba aliyegoma kutikisa kikombe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye gati moja mjini Jeddah, Justus Barasa anavaa glavu zake, anazivua, anazivaa tena. Mbele yake manowari ya kijivu inaingia taratibu, mlingoti wake wa rada umepaa juu kuliko majengo ya karibu.

"Hii inaona ndege ya adui kabla rubani hajajua ameonekana," anasema, akijivuna utadhani ameiunda yeye. "Na ndiyo inayoamuru meli zingine zote. Lakini ikifika hapa, inaningoja mimi na kamba yangu!"

Barasa, 34, hufunga meli gatini. Ni mzaliwa wa Bungoma, na bahari aliiona kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 25. Alikuja Saudia mwaka 2013. Mkewe, Jael, alifuata mwaka mmoja baadaye kufanya kazi za ndani Riyadh, karibu kilomita elfu moja kutoka hapa. Mtoto wao, Ian, yuko kwa nyanya yake.

Wawili hawa hawajaonana kwa miezi ishirini na mbili. Leo Jael yuko hatua mia moja tu kutoka kwa mumewe.

Mtoto wa madam aliyemwajiri Jael ni ofisa kwenye manowari hii, na familia nzima imesafiri kuja kumpokea. Jael amekuja nao kubeba birika la kahawa na tende. Wakimaliza, wanarudi Riyadh.

"Aliponiambia kwa simu, nilinyoa ndevu mara mbili," Barasa anasema.

Shida ni kwamba wafanyakazi wa gati hawaruhusiwi kulisogelea hema walimoketi familia za wanamaji. Na msimamizi wake, Yassir wa Zanzibar, hana mchezo. "Barasa we, macho yako yawe kambani. Kamba ikikatika haitakuuliza kama una mke."

Kamba nyembamba inarushwa kutoka melini. Barasa anaidaka, anaivuta mbio, na kamba nene iliyofungwa nyuma yake inafuata. Anatia kitanzi chake kwenye nguzo ya chuma. Upepo unaisukuma meli upande wa nyuma, kamba moja inabidi ifungwe upya. Vigelegele vinalia hemani, naye hageuki. Kamba ya sita inakazwa.

"Halas, imekwisha!" anapaza sauti Yassir.

Ndipo Barasa anageuka. Wanawake wote wamevaa abaya nyeusi, hamtambui mkewe.

Mara mmoja anatoka na birika, anakuja moja kwa moja walipo wafunga kamba. Ni Jael.

"Nilimwambia madam, wale wanaume wamefunga meli ya mtoto wako na hawajanywa kitu," anaeleza baadaye, akicheka. "Sikumwambia mmoja ni wangu."

Wafunga kamba ni saba. Barasa anakimbilia mwisho wa mstari.

Kwa desturi ya hapa, kikombe cha kahawa huongezwa mpaka mnywaji akitikise kuonyesha ametosheka. Asipotikisa, anayemimina haondoki. Barasa hatikisi.

"Mama Ian, umekonda."

"Kunywa, Baba Ian, wanatuangalia."

Kikombe cha pili: Ian ameng'oka meno ya mbele. Cha nne: nyanya amepona goti. Kufikia cha saba habari zimekwisha, wanatazamana tu. Yassir amewapa mgongo, anazikagua kamba alizokwisha kuzikagua.

Kwenye cha tisa madam mwenyewe anatoka hemani. Anauliza kwa Kiarabu huyu ni nani asiyeshiba kahawa.

"Ni baba wa mtoto wangu," Jael anajibu.

Madam anamtazama Barasa, anakitazama kikombe.

"Basi mwongeze," anasema, na kurudi hemani.

Wanaendelea mpaka birika linakauka.

Mikataba yao inaisha Desemba, na wamepanga kupanda ndege moja. Jael anataka kufungua hoteli ya chai Bungoma.

"Mteja wa kwanza ni mimi," anasema Barasa. "Na kikombe sitikisi."