Kiraka cha Bawa la Kushoto

Bawa la kushoto la ile ndege nalijua kuliko ninavyoyajua meno yangu. Nililihesabu mara mbili, ribiti kwa ribiti, vile vijimsumari vinavyobana bati, kuanzia shinani hadi nchani, mara ya kwanza nikiwa nimepiga magoti, mara ya pili nimesimama. Hesabu zikakubaliana. La kulia sikulihesabu hata mara moja. Shida yangu ilianzia hapo, ingawa kwa muda mrefu niliamini shida yangu ni mwalimu mmoja wa Karurumo, kule Embu.

Mimi huuza spea za magari pale Makutano, Meru. Vioo vya pembeni, taa, bampa, vitu vilivyotoka kwa gari moja vikisubiri kuingia kwa lingine. Kazi yenyewe ni kubishana. Mteja akilalamika kuwa kioo kina mkwaruzo upande wa nje, namuuliza kama anapanga kuendesha akiwa amekaa kwa boneti.

Kazi ikiisha, natengeneza ndege. Si za kupanda. Kuna programu ya kompyuta inayomfanya mtu arushe ndege akiwa amekaa kwa kiti cha nyumbani, na wenye programu hiyo wanaruhusu watu kama sisi tutengeneze ndege zetu, tuziweke kwa mtandao, anayetaka azipakue. Wengine hufanya kazi hiyo wakiwa kikundi: mmoja anachora, mmoja anarekodi sauti, mwingine anapiga hesabu za upepo. Mimi ni kikundi cha mtu mmoja, na hata hivyo mikutano yetu huwa na fujo.

Ndege niliyochagua ni ya kunyunyizia dawa, ya manjano, kiti kimoja, imeegeshwa kwenye banda la shamba la ngano kule Timau. Haijaruka siku nyingi. Rubani wake, sasa mzee, anaishi karibu na hapo. Alianza kama mshika bendera, yule wa kusimama mwisho wa shamba kumwonyesha rubani mstari wa kufuata, akapanda cheo hadi akakalia kile kiti yeye mwenyewe. Kilichomtoa angani ni jicho moja. Daktari alikataa kumpa cheti, basi. Siku ya kwanza nilipomtembelea aliniambia, "Kijana, kama unaweza kunirudisha juu ya ile ngano, hata kama ni kwa kompyuta, nirudishe."

Hicho ndicho nilichokitaka. Sifa za mtandaoni nilizitaka pia, sitadanganya, lakini zilikuwa namba mbili. Namba moja ilikuwa mzee akae, ashike usukani, aseme, "Ndiyo hii."

Askari wa getini alitaka kunipa dakika ishirini ndani ya banda. Nilimbishia hadi arobaini, nikaingia na futi, daftari na simu ya kupigia picha. Ndege ilikuwa imesukumwa hadi bawa la kulia likakaribia ukuta. Nikapima upande wa kushoto wote, nikahesabu ribiti. Kulikuwa na kiraka karibu na ncha, bati la manjano iliyopauka kidogo, ribiti kumi na nane. Nikafurahi kama mtu aliyeokota simu. Dakika kumi na mbili zilibaki. Zingenitosha kujipenyeza kando ya ukuta nikaangalie upande wa pili. Nikazitumia kuhesabu kushoto mara ya pili.

Nyumbani hakuna anayetengeneza mabawa mawili. Unatengeneza moja, unaiambia kompyuta iligeuze kama kwenye kioo, la pili linatokea bure. Kila siku namwambia mteja kwamba kioo cha kushoto hakiingii kulia, na bado nilibonyeza hicho kitufe bila kufikiri.

Ilinichukua miaka mitatu. Kompyuta ni muuzaji mgumu: ukiongeza ribiti hapa, inakata kule, picha zinaanza kwenda kwa kushtuka kama lori lenye klachi mbovu. Inataka maelewano, utoe kitu ipumue. Na mimi ninayebishana bei tangu asubuhi, kwa ndege yangu sikukubali kupunguza hata kidogo. Swichi arobaini na moja, zote zibonyezeke. Kuwasha injini, hatua kumi na moja, ukiruka moja haiwaki.

Kosa lingine lilikuwa majivuno. Niliweka picha za lile banda kwa jukwaa letu la watengenezaji ili watu waone ninavyofanya kazi. Mwanamke mmoja, mwalimu wa fizikia huko Karurumo, akaniandikia kwa heshima zote: "Kaka, naomba kutumia picha zako nijaribu hiyo ndege pia." Nikamjibu, "Tumia tu, mwalimu." Nilijua hatamaliza.

Alimaliza kwa likizo mbili.

Nilipakua ndege yake niichambue. Swichi karibu zote zilikuwa zimechorwa tu, kama namba ya simu kwa ukuta. Injini inawaka kwa kitufe kimoja. Ribiti hamna. Watu waliopakua yangu niliwahesabu mara mbili na hawakuongezeka. Wa kwake wangehitaji uwanja. Maoni yakasema, "tamu", "laini", "inaruka yenyewe". Nilimwambia jirani yangu wa duka kwamba hayo ndiyo mambo ya Embu. Sisi wa Meru tuna miraa, unakaa chini, unachambua, unamenya, unaongea. Wao wana muguka, majani matupu, unajaza mdomo na kazi inaanza.

"Na kazi inaisha?" jirani akauliza.

Nikaenda kupanga bampa. Nilikuwa naona wivu, na jibu lolote lingeuonyesha.

Mzee alisikia habari za ndege ya mwalimu kutoka kwa binti yake. Akanipigia: "Leteni zote mbili. Lakini hii kompyuta niliyoachiwa na msichana wangu ni ya zamani, haibebi mizigo miwili. Nitabaki na moja." Kwa hivyo Jumamosi moja ya likizo tulikutana sebuleni kwake Timau, mimi na mwalimu, kila mtu na flashi yake, mzee katikati na koti zito na fimbo ya usukani iliyofungwa mezani kwa mpira wa tyubu. Mwalimu alikuwa mdogo kuliko nilivyomchukia. Alikuja na maparachichi.

Tulianza na yangu. Mzee aliona dashibodi akasogeza kiti. Kisha kidole chake kikaanza kutembea chenyewe: betri, pampu ya mafuta, hii, ile, hatua zote kumi na moja bila kuuliza. Injini ikawaka, akacheka. Nilimwangalia mwalimu nikaona amefurahi kweli, na hilo likaniudhi.

Mwisho wa shamba kuna mstari wa mikaratusi. Kule ndiko kazi ya rubani wa dawa iliko: unamaliza mstari, unapanda juu ya miti, unageuka, unashuka tena. Mzee alifika mitini, picha zikaanza kushtuka, moja, mbili, tatu. Tukaingia kwa mkaratusi.

"Rudia, mzee," nikasema.

Akarudia. Mkaratusi. Mara ya tatu, mkaratusi.

"Kazini niligonga mti mara moja," akasema. "Leo nimemaliza msitu."

"Ni kompyuta hii, mzee."

"Ndiyo niliyo nayo."

Akageuza picha aione ndege kwa nje, labda atafute kitu cha kunisifu. Akaona kiraka. Uso ukalainika. "Huu ndio ule mti! Tawi lilinipiga hapa, mshika bendera akalala chini akidhani nimemfuata yeye. Fundi akanishonea hili bati." Akazungusha upande wa pili. Akasogea karibu, jicho zima likiwa mbele. "Na hiki cha kulia nilikipata wapi?"

Kichwani nikaona kile kitufe cha kioo.

"Huku sikugonga kitu," akasema pole pole, kama mtu anayejitetea mbele ya mwajiri.

Mwalimu akaweka ya kwake. Kitufe kimoja, injini ikawaka.

"Madam, umeniwashia kama redio!"

"Samahani mzee. Swichi nyingi zimechorwa tu."

"Zinazofanya kazi ni ngapi?"

"Saba."

"Saba!" Mzee akanigeukia. "Wewe wa spea, umesikia? Saba!"

Nilikuwa nimesikia. Nilitegemea na yeye amesikia vizuri. Lakini alikuwa ameshika usukani, amefika mitini, amepanda, amegeuka, ameshuka juu ya ngano, na picha hazikushtuka hata kidogo. Akarudi tena. Mabega yake yakaanza kulala kila kona, kushoto, kulia, kiti kikilia. Chai yake ikapoa na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Alipoegesha alisema, "Ndiyo hii." Maneno niliyoyangoja mimi, akampa mwalimu.

Kisha akaongeza, "Ila haina kiraka changu. Kijana, mpe mwalimu kile chako. Cha kushoto tu."

"Nitakushukuru sana, kaka," mwalimu akasema. "Mimi sikukiona kwa picha. Nilidhani ni uchafu."

Nilirudi Makutano. Mchana, duka likiwa halina mtu, nikakitenga kile kiraka kutoka kwa bawa langu. Nikahesabu ribiti: kumi na nane. Nikahesabu tena: kumi na nane. Kisha nikafuta moja, ya kona ya chini. Sina maelezo mazuri. Nilitaka mwalimu abaki na kitu chenye upungufu na nijue mimi peke yangu. Nikatuma.

Jibu lake likaja upesi. Alikuwa amekifanya picha bapa, kompyuta ya mzee isichoke. "Kazi yako ni safi sana, kaka. Mimi singekuwa na uvumilivu huo." Mzee naye akanipigia, sauti juu: "Kimekaa! Ni chenyewe!"

Ningependa mmoja wao alalamike. Kwa siku nne nilisubiri mtu aniulize iko wapi ribiti ya kona, na kila mteja aliyeingia nilimpunguzia bei bila kubishana hadi jirani akaniuliza kama naumwa. Kama hawakuiona hiyo moja kukosekana, basi na zile kumi na saba ni nani aliyeziona? Na miaka mitatu?

Siku ya tano nikatengeneza picha mpya ya kiraka, ribiti zote, nikafunga duka, nikaenda Timau. Nilimkuta mzee hewani. Kwenye bawa la kushoto, kila alipogeuza kuangalia nje, ile kona tupu ilinitazama.

"Karibu. Kuna nini?"

"Kuna ribiti moja ilibaki kwangu, mzee. Nimeileta."

Akatoa jicho kwenye kioo cha kompyuta sekunde moja. "Umetoka Makutano kuniletea ribiti moja?"

"Ndiyo."

"Ilibakije?"

"Niliitoa."

Miti ikakaribia, akapanda. "Ngoja nimalize huu mstari," akasema.

Hakuishia kwa mmoja. Nilikaa nyuma yake na flashi mkononi, nikahesabu kona zake. Kumi na moja, na hakugusa hata jani. Akajaza tangi la dawa upya, akaanza tena kutoka mwanzo wa shamba. Na mimi nikaanza tena kutoka moja, macho yangu kwenye ile mikaratusi, nikiiombea imshike hata mara moja.