Tanzia za Kisiwa Kizima

Mie mtu akinambia programu yake inafanya kazi, swali langu ni moja tu: umeijaribu kwa kile usichokitaka? Hapo ndipo wengi hunitumbulia macho. Kazi yangu ni kukagua programu za watu kabla hazijatoka, na nshaona vioja. Yupo anayeandika ndani ya mabano A kubwa mpaka z ndogo, akadhani amekamata herufi tu, kumbe katikati yao zimejibanza alama sita ambazo hakuzialika. Yupo anayetaka kistari, akakitupa katikati ya mabano, kompyuta ikafahamu "kuanzia hapa mpaka pale". Nawaambia, wananuna, wanatengeneza, yanakwisha. Lakini yupo mmoja sijamsamehe, na wala sina haraka.

Huyo ni jirani yetu hapa Mkunazini, mwanamme mzima na ndevu zake. Alikwenda kusoma ng'ambo, akarudi na kompyuta ya kubeba mgongoni na neno moja: suluhisho. Ukimwambia mvua imeingia ndani, ana suluhisho. Ebo!

Kwetu mtu akifa, hutumwa mtu. Anakuja mlangoni, anapiga hodi, anasema fulani hatunaye, anasaliwa adhuhuri msikiti fulani. Maziko hayangoji, anayefariki asubuhi, alasiri yuko kaburini. Basi bwana suluhisho akaona kutuma mtu ni ushamba. Akatengeneza programu: wafiwa wanaandika tanzia kwa simu, programu inaisoma, ikikuta jina la mtaa au kijiji ulichokichagua, inakupelekea ujumbe. Siku ya kuizindua, wazee wa chama cha maziko walimpigia makofi, mashaallah, mtoto wetu huyo! Halua ikaliwa.

Mama yangu alichagua sehemu mbili. Mkunazini anapoishi, na Fumba alikozaliwa, kwa sababu ya shoga yake aliyebaki huko. Walikua nyumba za kupakana, wakachezwa ngoma ya unyago pamoja, na tangu usichana wao waliahidiana: atakayetangulia, mwenziwe ndiye atakayemkosha, kumwosha mara ya mwisho kabla ya sanda. Haukuwa mzaha. Mama alikuwa akilisema jambo hilo huku anapepeta mchele, na shoga yake akija mjini hulisema yeye, kisha wanabishana nani atatangulia.

Wiki ya kwanza tu, simu ya mama haikutulia. Kafa mtu Nungwi, inalia. Kafa mtu Makunduchi, inalia. Kafa mtu Kizimkazi, mama hana ndugu wala jamaa huko, inalia vilevile. Na yeye, masikini, kila ikilia anasema inna lillahi, anaacha chungu jikoni, anatafuta miwani. Siku moja akavaa buibui lake mpaka Mwanakwerekwe kwa ujumbe aliousoma nusunusu, akaingia msibani, akalia na waliao, mpaka mwanamke mmoja akamuuliza kwa adabu, "Samahani bibi, marehemu ni nani wako?"

Alirudi amenuna. "Huyo jirani yako," akanambia, "kanifanya mdoezi wa misiba."

Nikamfuata kwao. Akanifungulia kompyuta kwa bashasha, akidhani nimekwenda kumsifu. Nikautazama ule mstari unaoiambia kompyuta itafute nini. Kwa mama alikuwa ameandika hivi: [Fumba|Mkunazini].

"Mabano haya ya mraba ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kuchagua, dada. Fumba au Mkunazini."

"Mabano ya mraba hayajui neno, yanajua herufi moja moja. Hapa umeiambia kompyuta: lete ujumbe wowote wenye F, au u, au m, au b, au a, au hicho kijiti chako cha katikati. Neno 'marehemu' peke yake lishatosha. Ndiyo maana mama anapata maiti wa kisiwa kizima! Weka mabano ya duara."

Akacheka. Wallahi, alicheka! "Mbona mie nimeijaribu? Nilituma tanzia ya Fumba, ikafika."

"Jaribu ya Nungwi, uone kama haifiki."

"Dada, wewe kazi yako kutafuta makosa, lazima utayaona. Watu wanaifurahia. Wiki ijayo nitaitazama."

Vitufe viwili! Kufuta mabano haya, kuweka yale, kabla kahawa haijapoa angekuwa amemaliza. Lakini nani atamwambia kitu mtu aliyekwisha kupigiwa makofi? Debe tupu haliachi kuvuma. Nikaondoka zangu na hasira zangu.

Mama hakuingoja hiyo wiki ijayo. Aliizima simu sauti, akaitia kabatini chini ya khanga, akasema akiihitaji anajua ilipo.

Shoga yake hakuumwa. Asubuhi moja alikuwa akifagia uwani kwake, akaanguka, na ndiyo ikawa basi. Watoto wake wakafanya kama walivyofundishwa: wakaandika tanzia, programu ikawaonesha alama ya kijani, ujumbe umefika. Binti yake alipiga na simu, ikaita mpaka ikakatika, chini ya khanga. Akaona labda mama yangu yumo njiani. Hawakutuma mtu. Watume mtu wa nini, na programu imeshawaambia umefika?

Mie nilikuwa kazini. Mama, baada ya sala ya alasiri, alishuka Darajani kununua samaki. Muuzaji mmoja mtu wa Fumba, anayemjua tangu mdogo, akamwambia, "Pole na msiba, bibi. Mie ndiyo natoka kuzika. Mbona hatukukuona?"

"Msiba wa nani?"

Yule mtu akafumbua mdomo alitaje jina. Mama aliniambia baadaye kwamba yeye alikuwa ameshika samaki mkononi, akamrudisha mezani polepole, akampanga na wenziwe, ili asilisikie jina likitajwa.

Alipofika Fumba wanaume walikuwa wamekaa barazani, miguu ina mchanga wa makaburini. Binti wa marehemu akamkumbatia mlangoni. "Tulikungoja, mama. Maji tulishayateka, nikawazuia watu wasimguse. Nikawaambia mkoshaji wake yuko njiani. Tulipoisikia adhana ya adhuhuri, tukaona hatuwezi tena." Akampa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na kafuri ya kutiwa maiti, aliyojiwekea marehemu mwenyewe, akasema wazi ni mkono wa nani utakaomtia. Watu wengine ndio waliomkosha, kafuri wakatumia yao.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutwambia kwamba guu lenyewe huweza kuwa la mtu mwengine kabisa, bibi wa watu aliyekaa kwake.

Baada ya hitma yule jirani alikuja, na kompyuta yake mgongoni. Nilitaka kumfungia mlango usoni, mama akanikataza. Akamkaribisha, akamwekea chai. Kile kitambaa kilikuwa mapajani mwa mama, tangu arudi Fumba hakijamtoka mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Hakuthubutu kunitazama mie. "Bibi, nimeshaitengeneza. Nimeweka mabano ya duara, kama alivyosema dada. Nimeijaribu kwa Nungwi, nimeijaribu kwa Makunduchi, haziji tena. Sasa simu yako ikilia kwa Fumba, basi ni Fumba kweli."

Mama akalikaza fundo la kitambaa, ingawa halikuwa limelegea.

"Ahsante, mwanangu," akamwambia. "Na huko Fumba sasa, nani wangu atakufa tena?"