Rangi Nyekundu kwenye Risasi Nyepesi

Asubuhi ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata mahali nilipoweka miwani. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, hapa hapa Kamembe, na nchi ilikuwa na miaka michache tu tangu ipate uhuru. Nilikaa kwa baba yangu mdogo, Mzee Ramadhani, fundi wa kufuli na vyerehani, ambaye komine, yaani serikali yetu ya mtaa, ilimpa ruhusa ya kuwa na bunduki moja ya kuwinda. Wakati ule mbogo walikuwa bado wakitoka msitu wa Nyungwe na kuingia mashamba ya watu. Wakija, mkulima alishuka mjini kumwita mzee, naye alifunga karakana yake akapanda mlimani.

Risasi mpya zilikuwa adimu, kwa hiyo baba mdogo hakutupa hata ganda moja la risasi iliyokwisha kupigwa. Aliyaokota, akayasafisha, akatia fataki na baruti, kisha akakandamiza kichwa kipya juu yake. Vichwa alikuwa navyo vya aina mbili, katika mikebe miwili ya maziwa ya unga. Vyepesi vilikuwa vya pongo, na vya nguruwe mwitu ambao nyama yao tuliwaachia jirani zetu Wakristo. Viliruka kwa kasi na kupasuka upesi vikigusa mwili. Vizito vilikuwa virefu na vigumu, vilipita kwenye mfupa bila kuvunjika, na hivyo ndivyo vilikuwa vya mbogo. Kila aina ilikuwa na kipimo chake cha baruti, na hakutaka mchezo hapo. Kila kichwa alikiweka kwanza kwenye mizani ndogo aliyoazima kwa sonara jirani. Risasi nzito ikimalizika kujazwa, aliipaka rangi nyekundu kwenye kitako, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kupungua.

"Saidi," aliniambia, "nikiona nyekundu siulizi tena. Hiyo ni amana."

Neno amana nililijua. Nilikuwa nimelisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani tangu mdogo, nikalihifadhi na aya zake. Kulijua kwa moyo na kuliishi nilikuja kuona baadaye kwamba ni safari mbili.

Mzee alivuka daraja la mpakani kwenda msibani Bukavu kwa siku tatu. Aliniachia kazi moja, nijaze risasi kumi nzito. Mimi nikazichukua zile nzito zilizokuwa tayari, nikawaita rafiki zangu wawili, tukashuka bondeni kupiga makopo. Nilipenda ule mshindo. Nilipenda bunduki ikinisukuma bega nami nasimama kama sikusikia kitu. "Saidi, weye ni komando kabisa!" walisema, na mimi nikapiga tena. Zilipokwisha nilirudi nyumbani nikajaza nyingine kwa vichwa vya ule mkebe, nazo nikazimaliza vilevile. Siku ya tatu, nilipoinamisha mkebe wa vizito, vilidondoka vichwa vinne.

Ningeweza kungoja mzee arudi nimwambie. Aibu ilinizuia. Nilijaza nne za kweli, na sita nikazitia vichwa vyepesi, nikavivuta nje kidogo ili urefu ulingane. Zote kumi nikazipaka nyekundu. Zile nne nikazipanga mbele kwenye boksi, nikijiambia kwamba hakuna mbogo aliyewahi kumgharimu mzee zaidi ya risasi mbili.

Mzee alirudi usiku ule, na kesho yake alfajiri Papa Dezire alikuwa mlangoni. Alikuwa mkulima Mkristo, mwenye mahindi na maharage pembeni kabisa ya msitu, baba wa watoto watano, rafiki wa mzee wa miaka mingi.

"Mzee Rama, ule mbogo amerudia. Juzi alikula mahindi, jana akalala humo. Naona leo anataka kuoa."

"Basi alete mahari," alijibu baba mdogo, wakacheka wote wawili. Akachukua boksi, akalimimina lote ndani ya mfuko wake wa ngozi. Risasi kumi nyekundu zilichanganyika mbele ya macho yangu.

Nilitembea nyuma yao saa tatu nzima. Nilikuwa na saa tatu za kusema, mwanangu. Nilijiambia nitasema tukifika kisimani, kisha nikajiambia kwenye ule mteremko, kisha pale barabara inapokwisha. Papa Dezire alisimulia jinsi mkewe alivyomfukuza mbogo kwa sufuria, na kila alipocheka mimi niliutazama ule mfuko wa ngozi. Tulipoona mgongo mweusi katikati ya mahindi, mzee aliinua mkono, tukanyamaza. Hapo nikapata sababu ya kunyamaza.

Alisoma bismillahi, akapiga. Alipiga bega, mahali penyewe hasa. Mbogo alitikisika, damu ikamtoka, na hakuanguka. Aligeuka. Papa Dezire alikuwa amesimama mbele kidogo upande wa kushoto, na mnyama alimfuata yeye. Nilimwona akirushwa juu ya mahindi kama nguo inayotupwa kwenye kamba. Ndipo sauti yangu ilipotoka, nikapiga kelele, "Baba mudogo, kuna nyepesi ndani!" Mzee alikuwa ameshapiga tena. Risasi ile ya pili, kwa rehema ya Mungu tu, ilikuwa moja ya zile nne, na mbogo akaanguka.

Baba mdogo alimchinja mbogo upesi, halafu tukambeba Papa Dezire kwenye machela ya miti mpaka kituo cha afya. Paja lilikuwa limevunjika. Jioni mzee alinirudisha mahali pale, akapasua lile bega la mbogo kwa kisu chake, akatoa vipande vya kichwa kilichopasukia juu ya mfupa. Aliviweka kiganjani mwangu vikiwa na damu.

"Ulijua tangu nyumbani?"

"Nilijua, baba mudogo."

"Mimi leo sikupima kwa mizani. Nilipima kwa jina lako."

Hakunipiga, wala hakurudia maneno hayo mpaka alipofariki. Alisema tu kwamba kesho nitakwenda kwa mgonjwa nikamwambie mwenyewe, na yeye hatanisindikiza.

Nilimwambia Papa Dezire nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda. Mkewe, Maman Furaha, aliondoka chumbani. Papa Dezire aliangalia dari.

"Mimi tangu jana nilikuwa nawaambia watu bunduki ya mzee imezeeka," akasema. "Kumbe ilikuwa inasingiziwa. Saidi, nani atanilimia?"

"Mimi."

"Na mikono hiyo ya komando?" Kumbe habari za makopo zilikuwa zimefika hata kwake. "Haya. Leta jembe. Lakini maharage usiyapande mazito na mepesi pamoja."

Nilicheka nikilia. Nililima shamba lile misimu miwili, nikalala kwao. Msimu wa kwanza Maman Furaha alinipa chakula bila kunitazama. Msimu wa pili aliniuliza kama chumvi inatosha. Papa Dezire alitembea na fimbo mpaka mwisho wa maisha yake, na kila Idi nilimpelekea sahani kwa mkono wangu, naye kila Noeli hakunisahau. Bunduki ilirudishwa komine zamani sana, na ninamshukuru Mungu kwamba haipo tena nyumbani kwetu.

Wewe, mwanangu, hutajaza risasi, lakini utapewa kazi ambayo mtu mwingine ataibeba mpaka mbele ya hatari akiwa amekuamini. Unapochagua, mfikirie huyo atakayesimama pale shambani, na kile atakachokutana nacho. Usichague kwa kile kilichobaki mkebeni, wala kwa kile kitakachokuficha. Alama ya uaminifu usiiweke juu ya kitu ambacho hukukipima. Na ukikosea, kama sote tunavyokosea, sema kabla boksi halijamiminwa. Aibu ya mlangoni ni ndogo, nimeiona ile ya shambani.

Mwenyezi Mungu akupe watu wanaokuamini, akufanye ustahili kuaminiwa nao, na siku utakayokuwa na neno zito la kusema, akufungue kinywa ungali chini ya mlima. Amina.