Kapeti ya Bosi

Nakumbuka siku yule mbwa Bosi alipomrukia mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, mwanangu, chai yote ikamwagika kwenye gauni lake jeupe la kanisa. Nilikuwa bado msichana wa kujitafutia. Zamu ya ibada ya nyumba kwa nyumba ilikuwa imefika kwangu, chumba kimoja cha mabati hapa Kawangware, Nairobi, na watu walikuwa wamebanana kitandani na kwenye viti vya kuazima. Mama wa watu akajipangusa tu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Bosi alikuwa mbwa wa mamangu. Mama aliishi Laini Saba, mtaa wa Kibera, karibu kabisa na reli. Alipofariki tulimsafirisha nyumbani Butere tukamzika, na niliporudi nilimkuta mbwa amelala mlangoni kwake akimngoja. Nikamfunga kamba, nikaja naye huku kwa miguu. Vyombo vya mama ndugu zangu walishagawana. Kilichobaki cha mama, kinachopumua, kilikuwa huyo Bosi, na sikuwa tayari kumpoteza, wacha watu waseme ni mbwa tu.

Jioni hiyo ya chai kumwagika, mwenye ploti niliyopanga, Baba Wambui, aliniita nje. Si mtu wa kelele. Aliniambia wapangaji wanalalamika, watoto wanaogopa kupita kwenda chooni, na kwamba jumuiya ikirudi kwangu na mbwa amrukie mtu tena, atampeleka shambani kwa binamu yake Limuru, akafungwe huko. Niliitikia sawa, nikaingia ndani nikalia.

Basi nikaanza kumfunza Bosi kutulia. Nilimfunzaje? Kwa ukali, jinsi sisi wenyewe tulivyofunzwa. Nilitandika kipande cha kapeti kuukuu kando ya mlango. Mgeni akibisha, Bosi anaruka, mimi namkokota, namsukuma pale, namwambia lala, nimesema lala! Akikataa, na mgeni bado amesimama nje, naona haya, namtupia omena, wale dagaa wa ziwani, ili anyamaze. Omena ndiyo iliyokuwa biashara yangu, naichukua Kisumu Ndogo kule Kibera naja kuiuza sokoni hapa, kwa hivyo kitu cha kumtupia hakikukosekana. Lakini wapi! Akiiona ile kapeti anakunja mkia anaingia chini ya kitanda. Akisikia mlango, anatoka mbio kama amemwagiwa maji ya moto.

Shosho alikuwa akiyaona hayo yote. Huyo ni mama yake Baba Wambui, aliyeolewa hapa Kawangware ikiwa bado mashamba ya mahindi. Kutwa alikaa kwenye kigoda chake karibu na geti akichambua maharagwe, na jioni akiniona nimeketi mlangoni peke yangu, alikuwa ananiletea uji, anaketi nami bila maneno. Siku moja nimemfokea Bosi mpaka sauti imekauka, akaniita.

"Ni wewe unamfunza kuruka," akaniambia. "Akiruka unampatia omena. Akilala, umemsahau."

Nikabisha. Nilikuwa mbishi, na hata sasa bado nina ubishi wangu. Nikamuuliza, akilala nimshughulikie wa nini, si ametulia? Shosho akanitazama, akarudi kwa maharagwe yake.

Lakini neno lile lilinikaa. Jioni nikaitoa kapeti mlangoni, nikaiweka karibu na kiti changu, nikaanza kuchambua omena kwenye ungo bila kumwita mtu. Bosi akazunguka, akanusanusa, mwishowe akalala pale kwa sababu palikuwa na joto la jiko. Nikaweka omena moja katikati ya miguu yake ya mbele, polepole, kimya. Alishangaa. Akainuka, sikumpa. Akalala tena, nikampa. Ikawa hivyo jioni baada ya jioni. Alipozoea nikawa nasimama, nafungua mlango, narudi nampata bado yuko chini, nampa. Shosho naye akawa akipita anagonga mabati kwa fimbo makusudi, anaenda zake. Mara ya kwanza Bosi alifyatuka hadi mlangoni. Sikumkokota, sikumtupia kitu, nikangoja mpaka akarudi mwenyewe. Kuna siku nilikuja nimechoka, biashara mbaya, nikamfokea, na akarudi chini ya kitanda, kazi yote ikaharibika. Nikaanza upya.

Zamu yangu ya ibada ikafika tena. Mwenyekiti akaingia, safari hii amevaa gauni jeusi, mjanja yule. Bosi akainua kichwa. Masikio yakasimama, mguu mmoja ukatoka kwenye kapeti, na mimi nikasahau hata sala. Kisha akanitazama, akaurudisha mguu, akalaza kidevu. Tulisali rozari nzima, tukaimba, vikombe vya chai vikapitishwa juu ya mgongo wake. Baba Wambui alikuwa amesimama mlangoni akiangalia. Aliondoka, na habari ya Limuru sikuisikia tena.

Watu walipotawanyika nikatoka kumshukuru Shosho. Nikamuuliza amejulia wapi mambo ya mbwa. Akacheka, akasema hajawahi kufuga mbwa ndani ya nyumba maisha yake yote. Akanipa kikombe cha uji.

"Mtu akinyamaza, watu wanafikiri ako sawa," akasema. "Wewe tangu mama yako aende, umenyamaza sana. Kunywa."

Ndipo nilipoelewa zile jioni zote alizoketi nami. Nilikunywa uji huo nikilia, mwanangu, na ulikuwa mtamu ajabu.

Kwa hivyo nakuambia wazi. Usingoje kitu kikurukie ndipo ukione. Mtoto wako akicheza pembeni ametulia, msifu wakati huo huo, si mpaka avunje sahani. Anayerudi kwako kila jioni bila lawama, mwambie umemwona. Na rafiki aliyekuwa akipiga kelele nyingi kwenye simu, ukiona kimya, mpigie wewe. Bosi alizeeka hapa hapa, ndevu zikawa nyeupe, na tulimzika na kapeti yake.

Mungu akupe nyumba inayobishwa hodi, mwanangu. Na siku yako ya kunyamaza ikifika, akutumie mtu mwenye kikombe cha uji.