Baba Kwenye Kigae

Nilipokuwa mtoto kule Itetemia, baba yangu aliishi ndani ya kigae cha chungu. Msicheke. Mwili wake ulikuwa Burma, kwenye vita vya Waingereza, lakini Bibi, mama yake mzazi, alikuwa amempandia mmea.

Mdogo huo, kama ukucha wa kidole gumba, majani yamenona. Hauonekani ovyo. Bibi aliuchimba penye mawe, kwenye njia ya zamani ya misafara. Marehemu Babu alikuwa mpagazi, na wake wa wapagazi waliamini hivi: mmea ukiwa hai, msafiri yu hai. Ukioza, kaeni matanga. Bibi aliuita kwa jina la Baba, na sharti lake lilikuwa moja: kiangazi, hata tone la maji usiutie.

Sasa Mama alikuwa mtu wa Igunga, kakulia kwenye majaruba ya mpunga. Kwake kilichosinyaa kina kiu, basi. Kiangazi kile mmea ulinywea, ukajizamisha mchangani, ukabaki kama punje ya mtama. Jirani yetu Mama Kulwa, ambaye hata mbuzi wa watu akizaa yeye ndiye wa kwanza kujua, akachungulia.

"Shoga, mumeo anakauka nawe unamtazama?"

"Mama mkwe kakataza maji."

"Mwache akataze. Yeye ana wana wengine. Wewe una mume mwingine?"

Basi Bibi akienda shamba, Mama anachukua kikombe, anapiga magoti. "Kunywa, Baba Kabula, kunywa." Kabula ni mimi. Nilidhani anasali.

Mmea ulivimba, ukapendeza. Kisha ukalainika, ukanuka. Bibi alipougusa, ukabaki kwenye kidole chake. Alifuta kidole kwenye kanga.

"Mkamwana, umeniulia mwanangu."

"Mama, nilimpa maji tu."

"Nimeona. Nenda kwenu."

Matangani Mama Kulwa alilia kuliko wafiwa, na wali akala kuliko wafiwa. Mama aliondoka na kifurushi. Mimi nikabakizwa, maana mtoto ni wa ukoo wa baba.

Vita vilipokwisha, Baba akashuka kwenye treni Tabora, mzima, tena kanenepa.

"Shikamoo, Mama. Mke wangu yuko wapi?"

Bibi alikuwa anapepeta mahindi. Alipepeta tu, hata makapi yalipokwisha. Baba akaenda Igunga, akamkuta Mama ameolewa, mimba imeshatokeza. Akarudi, na jina la Mama halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Nilikua nikimlaumu mama yangu. Igunga si mbali kiasi hicho. Mbona hakuja kuniona hata mara moja?

Alipofariki, nilikwenda kumzika. Nyuma ya nyumba yake, chini ya upenu, nikaona kigae, na ndani yake mmea ule ule, umenywea mchangani. Kumbe alikuwa ameondoka na jani moja lililosalia zima, kwenye pindo la kanga, na jani likiwekwa mchangani huota.

"Usiutie maji, dada," binti yake akanishika mkono. "Mama alikuwa mkali. Hakuruhusu mtu auguse hata kwa kidole. Aliuita Kabula."

Ninao dirishani sasa, nami ni kizee. Kiangazi hiki umezama karibu wote. Nauangalia tu, kikombe kiko mezani, na mkono unaniwasha.